Sauti Niliyoizima Dukani

Nyangeta mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Asubuhi umemaliza sato mzima peke yako na ukaulizia mwingine, kwa hiyo kama kuna mgonjwa humu ndani basi ni mimi. Leo Jumapili, saa nane mchana. Wewe na baba yako mmekwenda Butiama kumuaga bibi yako, na ninavyomjua, hawaachii watu mpaka wale mara mbili. Nimetoka kanisani nikapitia dukani, nikafungua mlango nusu ili wateja waelewe kwamba sipo kazini, nikakaa mbele ya kompyuta ile ile. Kesho asubuhi unapanda basi la Dodoma kwenda chuoni. Nataka niwe nimemaliza kabla hamjarudi.

Habari za blanketi, za dawa ya malaria na za kuficha simu kwenye basi nimemwachia baba yako. Atakuambia mara nne, na mara ya tano atakupigia ukiwa Shinyanga. Mimi nina jambo moja tu, na nimelikalia karibu miaka minne. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua. Ukifika mahali pagumu unaanza kuulizia maharage kama yameiva. Ndiyo maana nimeandika.

Kabla ya hilo jambo, nikukumbushe nilivyojifunza kazi hii. Kabla sijaolewa nilisoma uhazili Musoma, enzi za mashine za taipu zinazopiga kelele kama mvua kwenye bati. Mwalimu wetu alikuwa mama mmoja mfupi, mkali, mwenye miwani. Siku ya kwanza alitufunga kitambaa cheusi shingoni na upande wa pili akakifunga kwenye mashine, hivi kwamba mikono yote ilifichwa chini yake. Ukitaka kuchungulia, unaona kitambaa. Alisema, "Macho kazi yake kusoma karatasi. Vidole vina barabara zao." Tulilia wiki mbili. Wiki ya tatu vidole vikaanza kwenda vyenyewe, na mpaka leo sijui herufi M iko wapi nikiulizwa kwa mdomo. Kidole ndicho kinachojua.

Kwa hiyo mimi, Nyangeta, nilifundishwa kuandika bila kuona, nikapewa na cheti. Halafu nikazaa mtoto ambaye surua ilimchukulia macho akiwa na miaka minne, nikafungua duka la kuchapa hapa Bunda, na kwa miaka kumi na zaidi sikuwahi kuuweka mkono wa mtoto huyo kwenye kibodi. Nacheka nikiandika hivi, lakini si kicheko kizuri. Mungu alinipa jibu kabla ya swali, nikalifungia kabatini pamoja na cheti.

Sasa sikia ya sauti.

Ulikuwa na miaka tisa, uko likizo. Ulipenda kukaa kwenye benchi nyuma ya mashine ya fotokopi kwa sababu ya joto lake. Ulikuwa msimu wa kuuza pamba, mji umejaa watu, vumbi limejaa kila mahali, na foleni ya wateja imefika nje. Akaja mzee mmoja. Jina lake silitaji hata leo, maana unajua sheria ya duka letu: kilichochapwa hapa hakitoki na mchapaji. Watu wa Bunda wameniletea barua za kuomba kazi na za kuacha kazi, za kuomba radhi na za kukana watoto, na hakuna hata moja iliyonifuata mpaka sokoni. Heshima yangu ilikuwa hiyo. Mzee yule mke wake alikuwa amerudi kwao, naye alitaka kumwandikia arudi. Alitaka ichapwe kwa mashine kwa sababu mwandiko wake mke wake alikuwa anaucheka.

Nikaandika. Katikati nikasimama kufuta vumbi kwenye kibodi kwa kitambaa, kama nifanyavyo kila siku. Ghafla mashine ikaanza kuongea. Mwanamke, tena Mzungu, sauti kavu. Ikataja vitu vya kwenye skrini kwa Kiingereza, nami kwa kuchanganyikiwa nikabonyeza mshale wa kushuka ili nione kama imekwama. Kila niliposhuka mstari, ikausoma mstari huo. Ikasoma "Mke wangu mpendwa" kwa lafudhi ya mtu aliyefika uwanja wa ndege jana. Ikasoma "nimekosa sana na watoto wanakulilia." Spika nilikuwa nimezifungulia sana kwa ajili ya kwaya ya asubuhi. Foleni yote ilisikia. Kuna kijana alicheka mpaka akakaa chini.

Mzee akanitazama, akasema, "Mama Nyangeta, mimi nimekuletea siri, wewe unaitangaza na mitambo?"

"Baba nisamehe, sijui imepatwa na nini."

"Mimi nilikuwaga nasema huyu mama ndiye mtu. Basi."

Akaondoka bila barua. Nikachomoa waya ukutani. Na hapo ndipo ulipouliza, kutoka kwenye benchi lako, kwa sauti ndogo yenye furaha: "Mama, nani huyo anasoma?"

Nikakujibu, "Ni redio."

"Mbona anasoma unachoandika?"

"Nyamaza, kuna wateja."

Kesho yake fundi Masatu alikuja. Alisikiliza, akatikisa kichwa kama daktari. "Hiki ni kirusi, mama. Vinakujaga na flashi za wanafunzi." Akabonyezabonyeza huko ndani mpaka ikanyamaza, na ili nilale usingizi akazichukua na zile spika mbili kabisa. Simlaumu. Alisema alichokijua, nami nilitaka kusikia hicho hicho. Tangu siku hiyo kompyuta yangu ikawa bubu, wateja wakarudi, hata mzee akarudi. Mke wake pia alirudi, bila barua yoyote, kwa hiyo labda uchapaji wenyewe haukuhitajika.

Hilo ni kosa la kwanza, na si hilo linalonikosesha raha. Kutojua ni kutojua. Wewe mwenyewe ungelicheka, na natumaini hapo juu umecheka kidogo.

Miaka ikaenda. Ukasoma kwa nukta nundu pale vitabu vilipopatikana, na pale visipopatikana nilikusomea mimi. Hapo ndipo pagumu, Nyangeta, kwa sababu hapo ndipo palikuwa patamu. Kila likizo, jioni tukifunga duka, unakaa karibu yangu nami nakusomea. Historia, uraia, gazeti, hata maelezo ya kwenye pakiti ya sabuni kama hakuna kingine. Uliniinamia begani. Ulikuwa unanizuia na kuuliza, na mimi, mwanamke wa cheti cha uhazili, nikajiona profesa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Baba yako alisema tunafanana na watu wanaosali.

Desemba ile ulipokuwa unakwenda kuanza kidato cha nne, wewe ulikuwa umekwenda kliniki na baba yako, akaja dukani mwalimu mmoja kutoka Buhare kuchapa mtihani. Alikuwa anasubiri karatasi zitoke, akaona vitabu vyako vya nukta nundu kwenye rafu, akauliza ni vya nani. Nikamwambia ni vya binti yangu.

"Na haya maandishi ya kawaida anasomaje?"

"Namsomea mimi."

Akashangaa. "Mama, unamsomea, na mashine yako ina msomaji ndani?"

Akatoa mfukoni spika zake za masikioni, akazichomeka, akabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja: Control, kile chenye alama ya dirisha, na Enter. Akanipa nisikilize. Nikaisikia. Alikuwa yule yule Mzungu. Mwalimu akanieleza kwamba hiyo haiwekwi na mtu, haikuja na flashi ya mwanafunzi. Imo humo tangu mashine inatoka kiwandani, imewekwa kwa ajili ya wasioona, na kompyuta za siku hizi karibu zote zinakuja na ya kwake. Inasoma kila herufi unayobonyeza ili ujue unaandika nini. Alisema, "Binti yako akipewa miezi miwili tu, atakupita."

Nikamshukuru. Nikamtengenezea na nakala tano za bure. Akaenda zake, na mimi nikakaa hapa hapa nilipokaa sasa, nikiwa nimeshika kichwa. Nilikumbuka benchi. Nilikumbuka ile "redio".

Mlirudi kutoka kliniki kama saa kumi. Ulikuwa na hamu, ukasema, "Mama, leo tunasoma nini?" Nami nikasema, "Tulipoishia jana."

Sikukuambia. Nataka uisome hiyo sentensi mara mbili kama inabidi. Sikukuambia siku hiyo, wala Krismasi, wala ulipofungua shule, wala likizo iliyofuata. Mwaka mzima nilijua, nikanyamaza. Nilijitungia sababu nzuri: kwamba Kiswahili cha mashine ile kibovu, kwamba utachanganyikiwa kabla ya mtihani, kwamba spika za masikioni zinaharibu masikio. Ukweli ni kwamba mwalimu alisema utanipita, na mimi sikutaka kupitwa. Nilitaka jioni zangu.

Likizo ya mwezi wa sita mwalimu wako wa historia alikupa flashi yenye muhtasari wote, ukaja nayo umeishika kama yai. Kazi zilikuwa nyingi wiki ile. Nikakuambia subiri nimalize wateja. Ulikaa kwenye benchi kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja, mikono magotini. Mteja mmoja, mama wa Manyamanyama, akasema, "Huyu mtoto ana subira, jamani. Wa kwangu asingekaaga hivyo." Nami nikaitikia, nikajivunia hilo. Flashi ilikuwa imechomekwa kwenye mashine, hatua mbili kutoka ulipokaa. Haikuwa subira, mwanangu. Nilikuwa nimekukalisha.

Bado sijamaliza. Nimekwenda kunywa maji nimerudi.

Likizo hiyo hiyo rafiki yako Wegesa, yule wa Musoma aliyekuwa anakusomea ubaoni darasani, alikuandikia kwenye barua pepe ya duka. Nilikusomea. Nilikusomea salamu, habari za mama yake kuhamia meza mpya sokoni, na kichekesho cha mwalimu wa nidhamu. Lakini katikati aliandika kwamba mama yake amekubali, uje ukae kwao wiki moja mjisomee pamoja, atakupokea stendi mwenyewe Jumamosi, umjibu kabla ya Ijumaa. Hapo niliruka. Niliona barabara, niliona ziwa liko karibu na nyumba yao, niliona wewe na yeye mnavuka peke yenu, watoto wawili. Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nilipita kutoka mwalimu wa nidhamu mpaka "wako akupendaye" kama mtu anayeruka mfereji aliouzoea.

Unakumbuka kilichofuata. Mlipofungua shule Wegesa alikuwa amebadilika. Hakukusomea tena. Ulinipigia kwa simu ya matroni ukilia kwamba Wegesa amekuchunia na hujui umemkosea nini, nami nikakuambia, "Marafiki ndivyo walivyo." Muhula wa mwisho kabla ya mtihani wa taifa, ukakosa wa kukusomea ubao. Ukapata daraja la pili, wewe uliyekuwa unalitaka la kwanza. Ulisema labda akili yako ndiyo iliyofika mwisho. Nikakufariji, nikakupikia wali.

Akili yako haikufika mwisho. Ulizuiwa na mama yako.

Baada ya mtihani ukaenda kukaa kwa baba mdogo Manyamanyama, na binti yake, dada yako Pendo, akawa amerudi kutoka chuo na laptopu, na darasani kwao walikuwa na mwenzao asiyeona aliyeitumia sauti ile. Jioni moja ukaja dukani unakaribia kukimbia, fimbo yako inagonga kila kitu. Ukaomba spika za masikioni za mteja. Ukapapasa kibodi, ukahesabu vitufe, ukabonyeza vile vitatu. Halafu ukatabasamu kwa namna ambayo sikuwahi kukuona, hata siku ya kipaimara. Ukasema, "Mama, kumbe ilikuwemo muda wote."

Nami nikasema, "Kumbe!"

Nilishika mdomo. Niliigiza mshangao mbele ya mtoto asiyeniona, mikono na uso na kila kitu, kwa ajili ya mteja aliyekuwepo labda, au kwa ajili yangu mwenyewe. Hilo "kumbe" ndilo nimelibeba mpaka leo.

Sasa nikushukuru, maana nisipokushukuru barua hii itakuwa ya mtu anayejipiga kifua tu, na baada ya siku ile maisha yangu yamekuwa mazuri kuliko nilivyostahili.

Nakushukuru kwa ile miezi ulipokuwa unasubiri kuanza kidato cha tano. Vidole vyako vilijifunza barabara zao ndani ya wiki tatu, sawasawa na vyangu, bila kitambaa. Ulimsikiliza Mzungu wako akitafuna Kiswahili, "ng'ombe" ikimshinda kabisa, ukasema, "Mama, anajitahidi." Kila wiki ukamwongeza mwendo, mpaka mimi nikiweka sikio nasikia nyuki tu, na wewe unacheka kwa kitu alichosoma. Yule mwalimu alisema miezi miwili. Ulinipita kwa mwezi na nusu, na nilipopitwa, Nyangeta, sikufa. Nilishangaa hilo. Nilikuwa nimeogopa mwaka mzima kitu ambacho kilipofika kilinipa muda wa kunywa chai.

Nakushukuru kwa kunisahihisha. Mimi niliyechapa miaka ishirini nikidhani najua, wewe ukaniambia vichwa vya habari ninavyovinenepesha na kuvisukuma katikati kwa kubonyeza nafasi mara kumi, msomaji wako havitambui kama vichwa. Anasoma tu moja kwa moja kama mtu asiyevuta pumzi. Ukaniambia karatasi ninayoipiga skani kwako ni kimya kitupu. "Mama, umenipa picha. Nipe maandishi." Siku hizi hata mteja mwenye macho yake namchapia kwa mpangilio wako, na kazi yangu imekuwa safi zaidi. Yule mama wa halmashauri anasema barua za duka letu zimenyooka. Hajui ni nani aliyezinyoosha.

Nakushukuru kwa wateja ulionichukulia. Unakumbuka yule mzee wa barua ya mke? Alirudi mwaka jana na barua nyingine, akakuta uko zamu peke yako, spika masikioni. Alinisimulia baadaye. Alikutajia, ukaandika, ukamwambia, "Babu, hapa umesema 'nakuomba' mara tatu, nitoe moja?" Akasema, "Acha zote." Na akaniambia, "Mama Nyangeta, huyu mtoto ndiye wa kumwandikishaga mambo mazito. Anasikia yeye tu." Sauti ile ile iliyonifukuzia mteja, ilipokaa masikioni mwako ilitunza siri kuliko macho yangu.

Nawashukuru na watu nisiowajua. Mahali fulani kulikuwa na watu waliokaa mezani wakakubaliana kwamba mashine isitoke bila sauti ndani yake, hata kama anayeinunua ni mama wa Bunda asiyeiomba, atakayeichukia na kuitia pamba mdomoni. Waliiweka tu, ikakaa humo inasubiri. Nimewaombea kanisani. Padri aliuliza ni marehemu gani hao, nikamwambia sijui kama wamekufa.

Na namshukuru Wegesa. Hili hulijui. Jumanne iliyopita nilipokuambia nakwenda Musoma kufuata karatasi za jumla, karatasi nilifuata kweli, lakini kwanza nilikwenda sokoni kwenye meza ya mama yake. Nilimkuta anapanga dagaa. Amekuwa mkubwa, ananyonyesha. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, na wateja wake wanapita katikati yetu.

Aliweka chini dagaa aliokuwa amewashika. Kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilikuwaga nasema Nyangeta ana maringo. Jumamosi ile nilienda stendi hata bila jibu, mama. Nilikaaga pale mpaka basi la mwisho, nikijua utamleta tu."

Akashika dagaa wengine, akauliza,

"Yeye anajua?"

"Bado."

"Basi mimi simwambii. Hiyo ni ya kwako, mama." Halafu akanifungia dagaa, akakataa malipo, akasema nikupe salamu lakini baada ya kukuambia, siyo kabla. Dagaa uliowala Jumatano ni wa Wegesa. Namba yake nimeiandika kwenye faili lake peke yake, kando ya barua hii, ili msomaji wako aitaje vizuri.

Wosia sina mwingi. Huko uendako utakutana na watu wenye roho nzuri, watakaotaka kukusomea, kukushika mkono, kukujazia fomu. Wengi ni watu wema kweli na uwashukuru. Lakini mimi pia nilikuwa mwema, kila mtu wa Bunda atakuambia. Ukiona umekaa saa nyingi unamsubiri mtu mwema, simama ukapapase mwenyewe. Na ukikuta kompyuta ya chuo iko kimya na mtu anakuambia hiyo haina sauti, msikilize kwa adabu, halafu bonyeza vitufe vyako.

Nilikuwa nimepanga barua hii niiweke kwenye laptopu yako na kukuambia uifungue kesho, basi likishapita Lamadi. Nimeona mpango wenyewe nikaujua. Ni mimi tena, nachagua usikie nini na lini, na nichague pia niwe mbali wakati unasikia. Kwa hiyo hapana. Mkirudi leo kutoka Butiama nitakuambia iko wapi, na utaisoma kabla ya chakula, mimi nikiwa humo humo ndani. Kama utataka kunisema, uniseme hadi uchoke. Kama utataka kunyamaza mpaka Dodoma, nyamaza, nami nitakufungashia chakula cha njiani kama kawaida. Baba yako ameshajua. Nimemwambia asubuhi, akasema nimechelewa, na ni kweli.

Nimeisoma barua mara mbili kwa macho, na mara ya tatu nimevaa spika za masikioni nikamwachia msomaji anisomee, ili nijue itakavyofika kwako. Ilipofika kwenye barua ya Wegesa nilitaka kuizima. Niliiacha iende mpaka mwisho. Sasa ni yako. Isome kwa mwendo wako, rudia unapotaka, simama unapotaka. Sitakuuliza umefika mstari gani.

Mama yako,
Veronika